Baa ya Babu Ilikuwepo

Jumanne nilikuwa nyuma ya mzee mmoja kwenye kaunta ya maktaba hapa Toronto. Alikuwa Mgoa, mzaliwa wa Tanga, akitafuta ushahidi wa baa ya babu yake huko, ambayo watoto wake mzee walidai ni hadithi tu. Binti mhudumu wa maktaba alikuwa amemwagizia nakala za daftari la leseni za pombe. Akamwonyesha jina la babu na namba ya kiwanja, kisha akafungua ramani ya zamani ya Tanga, akaweka kidole.

"Ilikuwa hapa."

Mzee akavua kofia, akainama. "Shikamoo, mama."

Binti, aliyetusikia tukiongea Kiswahili kwenye foleni, akanigeukia. "Amesema nini?"

"Anakushukuru."

Tangu utotoni najua shikamoo humwendea mkubwa. Siku ile ilimwendea mdogo, na sikuona kosa.