Mbege Yetu Ilipopasuka Mbele ya Wakwe

Sisi tuliokulia vihambani, kwenye migomba ya nyumbani kule Machame, enzi zile hatukuhitaji mtu wa kututangazia kwamba kwa jirani kuna pombe. Harufu ilitosha. Ndizi mbivu zikishachemshwa na kuachwa pipani mpaka zikachacha, kijiji kizima kilijua, na wazee walianza kupita njia ambayo siku nyingine haikuwa yao.

Mama yangu na mama yake Yustina, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, walipika mbege, pombe hiyo ya ndizi na ulezi, kwa zamu. Kazi yetu watoto ilikuwa kumenya ndizi na kufukuza kuku wasidonoe ulezi ulioanikwa uani. Mimi nilimenya moja, nikala mbili, halafu nikalalamika kwamba nimechoka. Malipo yetu yalikuwa togwa, ule uji mtamu kabla haujawa pombe, na hayo niliyadai kwa sauti kubwa kuliko mtu yeyote. Mama alikuwa akisema, "Felista, wewe ukiolewa na mfanyabiashara, atafilisika kabla ya Krismasi."

Siku moja mama zetu walishuka soko la Kwa Sadala kununua ulezi. Mimi na Yustina tukaona huo ndio wakati wa kupika pombe yetu wenyewe. Tukaficha chungu katikati ya mibuni. Yustina alitaka tutie kipande kidogo tu cha msesewe, yale maganda ya mti yanayotia mbege uchungu. Nikamwambia hajui kitu, nikayatia kama mtu anayechochea kuni.

Pombe ilipochacha tukampelekea babu yake Yustina kata iliyojaa, kile kibuyu cha kunywea. Tukapiga magoti.

"Shikamoo babu. Karibu mbege."

"Marahaba, wajukuu zangu."

Akanywa. Akafumba jicho moja, kisha la pili. Tukangoja asifie. Sauti ilipomrudia akauliza taratibu, "Wajukuu zangu, nimewakosea nini?"

Jioni ile tulichapwa, kila mmoja kwao, ila kilio changu kilivuka mfereji. Kesho yake mama yake Yustina akamshika mwanawe mkono, akamweka kando ya chungu, akaanza kumfundisha. Mama yangu aliniangalia kwa muda, akanipa pipa nikalioshe. Watu wakiuliza leo kiwanda chetu cha mbege kilianzaje, huwa naanzia hapo, ingawa Neema, binti yake Yustina, hupenda niseme kitu cha heshima zaidi.

Miaka ikaenda. Mimi nikawa mpishi wa kantini kule kwenye mashamba ya miwa, Yustina akaolewa kule Rau na kuendelea kupika mbege za ubarikio na harusi. Nilipostaafu nikamfuata na wazo langu kubwa: tuweke mbege kwenye chupa. Maisha yangu yote nilikuwa nimeona kreti za soda zikishushwa kantini, kwa hiyo nilijiona naijua biashara ya vinywaji.

"Mbege hailali, Felista," Yustina alisema. "Ukiifungia itakupiga."

"Dunia ya leo ni ya chupa," nikamjibu, kwa kiburi cha mtu ambaye hajawahi kufunga hata moja.

Akanikubalia, tukaanza na harusi ya Neema. Wakwe walikuwa wametoka Mbeya, watu wapole wenye suti nzito, na Yustina alikuwa hajalala vizuri wiki nzima kwa hofu ya kuaibika mbele yao. Nilizipanga chupa meza kuu, nembo zote zikitazama mbele. Ukumbini kulikuwa na joto. Mshereheshaji alipotamka tu "kinywaji cha asili yetu," chupa ya kwanza ikapasuka yenyewe. Ya pili ikaitikia. Paroko akaingia chini ya meza. Povu likatua kwenye kilemba cha mama mkwe, likateremka hadi shingoni. Neema akaanza kulia ndani ya shela. Na mimi, mwenye wazo, nilikuwa nimechutama nyuma ya keki.

Sikuthubutu kumtazama Yustina. Niliona nimempotezea mkwe, na mimi nimempoteza yeye.

Ndipo mama mkwe akajipangusa shavu, akalamba kidole. "Kumbe tamu hivi?" akasema. "Nyingine zimebaki, au zote zimekufa?"

Ukumbi ukalipuka tena, safari hii kwa vicheko. Asubuhi Yustina akanigongea mlango. Hakunisalimia. "Mama mkwe wa Neema anataka ya kurudi nayo Mbeya," akasema. "Vaa viatu."

Tukajifunza, kwa kupasua nyingi, kuiacha pombe imalize hasira zake kwanza, kisha kuzichemsha chupa ndani ya maji ya moto ili itulie. Jiko la Yustina likawa banda, banda likawa kiwanda chenye matangi yanayong'aa. Neema ndiye bosi wetu sasa, na mbege yetu inauzwa mpaka Arusha na Dar.

Vijana huja Jumamosi kuionja. Wanaipiga picha bilauri mbele na nyuma mpaka povu linakata tamaa. Mmoja aliniuliza, "Bibi, hii ina vaibu?" Nikamwambia iliisha jana.

Enzi za mama zetu, pipa moja likiisha watu walikuwa wameshapatanishwa ugomvi wa mpaka na posa imeshapelekwa. Kata ilizunguka, nawe ulijua mdomo uliotangulia ni wa nani. Leo kila mtu anaondoka na chupa yake garini.

Juzi tukifunga kiwanda Yustina aliniuliza kama ninamjua kwa jina hata mmoja kati ya watu wanaokunywa mbege yetu. Mama yangu alikuwa akijua nani kagombana na mkewe kwa kuangalia tu anavyoshika kata. Nilifikiri mpaka tukafika getini, na sikupata jina la kumtajia.