Ni Gari Lililochoka, Si Binti Yangu

Mimi ni fundi wa mitambo ya kupoza maziwa, na unyenyekevu si fani yangu. Wacha niseme hivyo mapema ili mtu asije akalalamika huko mbele. Kazi hii niliisomea, na nimeifanya miaka mingi hapa Sotik. Tangi likigoma asubuhi, wafugaji wamepanga foleni na mitungi yao na maziwa yanaanza kunuka, ni mimi wanayenitafuta. Nikifika nataka nafasi ya kufanya kazi, na swali la kijinga nalijibu kwa haraka. Mume wangu, aliyeendesha lori la majani chai mpaka akastaafu, husema nyumba yetu ina kelele mbili tu: mvua ya mawe juu ya mabati, na mimi.

Binti yetu alirithi mguu wa baba yake. Tangu akiwa mdogo alikuwa anatambua gia kwa sauti, gari likiwa bado huko bondeni. Alipokuwa mkubwa, mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi hapa mjini, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Mkoa wa Kati, akamwona akiendesha na akampa gari lake la mashindano ajaribu. Huyo bosi ana ugonjwa wa magari. Alikuwa amenunua kigari cha Japani, cha milango miwili, kifupi mpaka ukikaa ndani unadhani umekaa kwa barabara, na chini ya boneti kina supachaja. Alitaka kukipeleka kwenye mashindano ya kupanda mlima, yale ambayo gari linapanda peke yake na saa ndiyo inayoamua.

Supachaja, kwa asiyejua, ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini. Inavuta hewa, inaibana, inaisukuma ndani ya injini kwa nguvu, na mafuta yanapata hewa ya kutosha kuwaka vizuri. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi. Gari la kawaida likipanda linahema, lakini lenye supachaja halijali.

Bosi hakutosheka na hiyo nguvu. Akatoa puli ya supachaja, lile gurudumu la mkanda, akaweka ndogo zaidi, ili pampu izunguke kasi zaidi na kusukuma hewa nyingi zaidi. Siku ya kwanza, weee! Gari lilipaa. Halafu shida ikaanza. Ukipanda mara ya kwanza ni moto kabisa. Mara ya pili, si mbaya. Mara ya tatu, kwenye kona ndefu iliyo karibu na juu, gari linalegea na saa inasema ukweli mchungu.

Bosi akapata jibu lake. Akalisema hotelini, mbele ya watu wanaokunywa chai: "Msichana anajua kuendesha, sikatai. Lakini anaogopa. Hiyo kona akishaiona mara mbili, ya tatu anaachilia mafuta." Akaongeza kwamba kuna kijana wa Nakuru anayekitaka hicho kiti cha dereva. Angempa binti yangu siku moja ya mwisho. Akilegea tena, kwaheri.

Binti yangu alirudi nyumbani siku hiyo akakataa chakula. Huyu mtoto hakatai chakula hata akiwa na malaria. Akakaa jikoni akiangalia moto.

"Mathe, mguu wangu uko chini kabisa," akaniambia. "Ni gari inaninyima nguvu. Lakini nani ataniamini?"

"Mimi," nikamwambia. "Sasa kula."

Walipokwenda mazoezini tena nikafuatana nao. Mwenye shamba moja la chai alikuwa ametupa ruhusa ya kutumia barabara yake ya ndani, yenye lami safi na kona za kutosha, isiyopita magari ya watu. Gari lilipanda mara tatu, na mara ya tatu likalegea kama kawaida. Nikafungua boneti kabla injini haijatulia, nikagusa paipu inayotoka kwa supachaja kwenda kwa injini. Nikautoa mkono haraka na kucheka kwa sauti, mpaka bosi akadhani nimechanganyikiwa.

Yeyote aliyewahi kujaza upepo kwenye baiskeli anajua kwamba pampu hupata moto. Ukiibana hewa, inachemka. Ile puli ndogo ilikuwa inaibana zaidi, kwa hiyo inaichemsha zaidi. Hewa moto imetanuka, inajaza nafasi bure, na kompyuta ya gari ikiona joto hilo inaogopa injini isije ikagonga, yaani mafuta yalipuke kabla ya wakati wake, inapunguza nguvu yenyewe. Gari lilikuwa na kipoza hewa chake, lakini kidogo, tena kimewekwa juu ya injini penye moto wote. Mara ya kwanza kinasaidia. Kufika ya tatu chenyewe kimeiva. Uwe dereva wa Nakuru, uwe wa mbinguni, hapo huna la kufanya.

"Bosi, aliyeogopa ni kompyuta, si mtoto wangu," nikamwambia. "Niachie hii gari nyumbani."

"Lakini mama, wewe ni wa maziwa."

"Na maziwa yakitoka kwa ng'ombe huwa baridi? Nani huyapoza, ni wewe?"

Akanipa ufunguo.

Kazi yenyewe niliifurahia kupita kiasi. Kwenye mtambo wangu, maziwa moto hupita upande mmoja wa bati jembamba na maji baridi upande wa pili, tena yakienda kinyume, ili maziwa yanayokaribia kutoka yakutane na maji yaliyo baridi zaidi. Nikaamua hewa ya supachaja itapozwa hivyo hivyo, kwa maji. Mabati yangu ya maziwa yasingefaa kwa sababu njia zake ni finyu na zingeikaba hewa. Nikazunguka kwa wauza vipuri vya zamani nikapata kipoza cha gari jingine lililogongwa, sanduku la aluminiamu lenye mifereji ya maji na nafasi pana ya hewa kupita. Nikaliweka kati ya supachaja na injini. Mbele kabisa, nyuma ya grili, nikafunga rejeta ndogo ya kuyapoza maji hayo kwa upepo, kisha kitangi cha maji na pampu ya umeme ya kuyazungusha. Nikatoa mapovu yote kwenye paipu, maana povu moja likikwama maji hayazunguki. Binti yangu alinishikia taa na kuniimbia nyimbo za kanisani kwa makosa ya makusudi ili nikasirike. Tulicheka sana siku hizo.

Siku ya mwisho ikafika. Asubuhi ilikuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio. Gari lilikuwa limelala kwetu, binti yangu akaliendesha mpaka shambani, na mimi na mume wangu tukafuata kwa pikapu. Bosi alikuwa ameshafika na saa yake. Wachuma majani walikuwa wamesimama kando ya barabara na vikapu mgongoni, maana habari ilikuwa imewafikia.

Kupanda mara ya kwanza, vizuri. Mara ya pili, jameni, gari likalegea. Mara ya pili! Ilikuwa mbaya kuliko zamani. Binti yangu akashuka nalo polepole, akasimama, hakunitazama. Bosi akatoa simu mfukoni, na sote tulijua anampigia nani.

"Weka hiyo simu!" nikamfokea. "Weka chini kwanza!"

Nikafungua boneti. Pampu inalia, maji yanazunguka, lakini nilipogusa kitangi cha maji kilikuwa moto wa kuchoma vidole. Maji yanazunguka na hayapoi, basi hayapati upepo. Nikapiga magoti kwenye lami, nikamulika ndani ya grili kwa simu yangu. Nikasoma maandishi ya kampuni ya mafuta ya kupikia.

Katoni. Imekatwa kwa ustadi, imechomekwa vizuri kati ya grili na rejeta.

Kila dereva wa lori wa milima hii anajua mambo ya katoni. Asubuhi ya baridi unaziba rejeta kwa katoni ili injini ipate joto haraka, halafu jua likitoka unaitoa. Mume wangu alifanya hivyo maisha yake yote ya kazi. Nikageuka, nikamwona amesimama na mikono ndani ya jaketi, uso umempauka.

"Mzee!"

"Kulikuwa na baridi," akasema. "Nikaona injini itaumia. Nilitaka kumsaidia mtoto."

Woi, maneno niliyomwambia nayaacha huko huko. Wachuma majani walinifurahia sana. Lakini yeye alipiga magoti akaitoa mwenyewe, na binti yetu akashuka kwenye gari akamshika bega.

"Baba, kongoi, asante. Lakini gari yangu inapenda baridi."

Halafu akamgeukia bosi. "Ngoja injini ipoe kidogo, nianze upya. Napanda mara tatu."

Bosi akakubali, bila furaha.

Ya kwanza, mbio safi. Ya pili, mbio zile zile. Ya tatu sikuweza kutazama, nikasikiliza tu. Supachaja ina mlio wake, kama mluzi unaopanda na gari, na niliusikia ukipita kwenye majani chai, ukifika kona ndefu. Mluzi haukushuka. Ulipita kona ukiwa juu vile vile, ukazidi, ukamalizikia huko mwisho wa barabara. Wachuma majani wakapiga vigelegele kabla hata bosi hajasoma saa. Ya tatu ilikuwa imeishinda ya kwanza.

Aliposhuka nalo nikagusa paipu. Niliishika nikaendelea kuishika kadiri nilivyotaka. Sijawahi kujivunia kitu nilichounda kwa mikono yangu kama siku ile, na sijawahi kujivunia mtoto kama siku ile, na yeyote anayeona najisifu ana haki.

Bosi akachukua ufunguo wa gari, akamnyooshea binti yangu. "Haya. Kiti ni chako."

Binti yangu hakuupokea. "Ulisema hotelini, mbele ya watu, kwamba naogopa."

Bosi akaangalia chini, akaangalia wachuma majani, akavua kofia. "Nilikosea," akasema. "Hukuwa unaogopa. Gari ndiyo ilikuwa imechoka."

"Hao wa nyuma hawajasikia."

Bosi akainua sauti akalirudia lote, mpaka wale wa mstari wa mbali wakaitikia. Ndipo binti yangu akachukua ufunguo.