Shikamoo ya Mwalimu Gabrieli

Mwalimu Gabrieli alifundisha falsafa seminarini mpaka mvi zikamwota masikioni, na miaka yote hiyo hakuna aliyemshinda kwa hoja ila mtu mmoja: dada yake Bernadeta, mkulima wa njegere kwenye matuta ya Mgeta, ambaye hakuwa na haja ya hoja. Yeye alimwambia tu, "Mwalimu, kula kwanza." Na Gabrieli akala.

Sasa Bernadeta alikuwa kaburini, na mzee alikuwa amekosana na ukoo mzima.

Katika ukoo wao, unaofuata mama kama koo nyingine za Waluguru, jina la mtu mzima haliachwi liozee ardhini. Msiba ukiisha huteuliwa mrithi, akavishwa kaniki, akaketishwa kwenye kigoda, na tangu hapo yeye ndiye marehemu. Watoto wa marehemu humwita mama, hata kama juzi walimtuma dukani. Jina la Bernadeta alipewa Jesca, mtoto wa binti yake, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyelelewa na bibi huyohuyo. Likabaki jambo moja tu: Gabrieli, mdogo pekee wa marehemu aliyekuwa hai, amwamkie mrithi kama alivyokuwa akimwamkia dada yake. Asipomwamkia kabla ukoo haujatawanyika, jina halikai.

Watu wakangoja. Mzee akamtazama binti yule, akatikisa kichwa.

"Mungu hamuumbi mtu mara mbili," akasema, akachukua bakora yake akaondoka. Jesca akabaki pale kigodani, uso ameuinamisha, na mama zake wadogo wakajifanya wanakohoa.

Kesho yake asubuhi ukungu ulishuka mpaka migombani. Jesca alimkuta mzee jikoni kwa marehemu, amekaa peke yake akiyatazama mafiga yasiyo na moto. Akamwamkia kama kawaida, akawasha kuni, akainjika sufuria ya ugali. Ya jana hakuyagusa. Alisema tu kwamba mtihani umekaribia na kuna somo limemkaba koo.

"Usasaleo, babu. Wale wanaosema hakuna ukweli mmoja."

"Ah! Hao!" Mzee akachangamka hapohapo, maana mwalimu hata msibani ni mwalimu. "Sikiliza. Wagiriki wa kale walisema kila kitu kina kiini kisichobadilika. Kabichi itaoza, ukabichi hauozi. Wakaja waumini wa zama za kati, wakasema chanzo cha viini vyote ni Mungu. Kisha watu wa zama za akili, nao wakasema tukitumia akili na sayansi, binadamu wote tutaufikia ukweli mmoja kwa njia moja. Waligombana sana, lakini wote walikuwa wanapanda mlima uleule. Hawa wako wa usasaleo wamekaa katikati ya njia wanasema hakuna kilele!"

"Wao wanauliza nani kaichora hiyo njia, babu, na nani hakuulizwa. Hadithi ikisema ni ya watu wote, wanatafuta ni akina nani walionyamazishwa."

"Kama hakuna ukweli mmoja, basi hata hilo wanalosema si kweli."

"Hapo wamebanwa, na sijaona wakijibu vizuri," Jesca akakiri, akisonga ugali kwa mikono miwili.

Mzee akatabasamu. Kisha akauliza lile lililokuwa likimchoma. "Na mtu je? Naye hana kiini?"

"Wanasema mtu hajiumbi peke yake. Anaumbwa na maneno anayoyakuta, na jinsi wenzake wanavyomwita."

Gabrieli alitaka kubisha, akajikuta anajiuliza. Nani alianza kumwita Mwalimu? Seminari? La. Ni Bernadeta, enzi zile yeye ni kitoto cha makamasi kisichojua hata a, kinachobishana na kila mtu mpaka mbuzi. "Mwalimu, lete kuni." "Mwalimu, kula kwanza." Kijiji kikacheka, kikaiga, naye akakua akijitahidi lile jina limwenee. Akamkumbuka dada yake akikwangua ukoko wa ugali na kumpa wote kila aliporudi likizo, huku akidai kwamba yeye ukoko haupendi.

Jesca alipakua. Akakwangua ukoko, akauvunja vipande viwili, kimoja akamwekea mzee sahanini, cha pili akakitafuna mwenyewe.

"Bernadeta hakuwahi kuula mbele yangu," mzee akasema.

"Bibi aliupenda kuliko nyama. Aliula nyie mkishaondoka."

Miaka yote hiyo! Mzee akacheka, machozi yakamtoka, na hakuyafuta. Huyu binti hakuwa Bernadeta, na hilo lilimuuma vilevile. Lakini hata Bernadeta mwenyewe, kumbe hakuwahi kumjua kikamilifu.

Nje sauti zilisikika. Watu walikuwa wanafunga mizigo ya kuteremka mjini. Gabrieli akanyanyuka, ukoko bado mkononi, akamwambia Jesca amfuate. Uani akavua kofia. Watu wakaacha kamba zao. Mzee akainamisha kichwa chake chenye mvi mbele ya msichana yule.

"Shikamoo, dada."

Jesca akatazama ukungu, akatazama mama zake wadogo, kisha akamtazama mdogo wake.

"Marahaba, Mwalimu. Rudi ndani, kula kwanza."

Na Gabrieli akala.