Sataranji na Baba, Qurum

Daraja ya grandmasta, ambayo ndiyo ya juu kabisa katika sataranji, niliipata kwa mchezo usio na ladha. Ilikuwa Ulaya ya mashariki, katika ukumbi wenye baridi hata nikacheza na koti mwilini. Nilihitaji sare tu. Mpinzani wangu, mzee mwenye mafua, akaipendekeza kabla mchezo haujachangamka. Nikampa mkono. Nikatoka nje, nikatembea mpaka viatu vikalowa theluji, nikingoja furaha inijie. Haikuja. Kichwani mlikuwa na mashindano yanayofuata na treni ya kunipeleka huko.

Ndivyo nilivyoishi kwa miaka: sanduku, uwanja wa ndege, hoteli, ubao. Hata mchezoni situlii. Nikishasogeza kete na kubonyeza saa, huinuka nikazunguka ukumbi, nikatazama michezo ya wenzangu, nikasoma matangazo ukutani kwa lugha nisiyoijua. Waamuzi wamenizoea.

Nyumbani Maskati huwa pagumu zaidi. Shangazi zangu huanza kuniuliza nakaa mpaka lini kabla sijavua viatu, na mimi mwenyewe kabla ya chakula cha mchana nishaanza kutafuta tiketi ya ndege.

Baba ndiye aliyenifundisha. Alikuwa mtu wa wizarani, sasa amestaafu. Tulicheza sebuleni, juu ya mkeka, kama yeye alivyocheza na babu Unguja. Kete ambayo wengine huiita malkia, yeye huiita waziri, na mimi pia, hata wageni wakinicheka. Ijumaa moja, nikiwa bado msichana wa shule, nilimfunga. Hakunionea huruma, nilimfunga kweli. Alitazama ubao kwa muda, akazirejesha kete sandukuni. "Basi, umeshajua," akasema. Tangu siku ile hakucheza nami tena. Alinipeleka mafunzoni kwa gari na kuningoja nje, lakini nikimwomba mchezo alijibu, "Nna macho mabovu siku hizi."

Majira ya baridi yaliyopita nilialikwa kwenye hoteli moja Qurum, hapo hapo Maskati, kucheza na watu wengi kwa pamoja. Meza zilipangwa kwa umbo la kwato ya farasi, upande mmoja wazi, mimi nikipita ndani yake, nikisogeza kete moja kila meza, kisha inayofuata. Mchezo wa kutokukaa! Niliufurahia. Palikuwa na wanafunzi, wahandisi, na muuguzi wa Kikenya aliyesema "haya, Mungu mbele" kila alipogusa kete.

Kwenye meza ya mwisho alikuwa Baba, na dishdasha, kanzu yake ya Idi. Hakuna aliyeniambia.

"Baba?"

"Cheza. Watu wanakungoja."

Nikasukuma askari, nikapita. Kila nilipozunguka nilitamani kuifikia meza yake, na nikiifikia nilitaka kuikimbia. Alicheza kama zamani, akijenga ukuta na kukaa nyuma yake. Wengine wakaanza kuanguka mmoja mmoja, muuguzi akapata sare na kupigiwa makofi, Baba bado yupo.

"Usinionee huruma," alisema bila kuinua uso.

"Sikuonei."

"Unanionea. Farasi yule angeniumiza, na wewe ukamwacha."

Ilikuwa kweli. Mzunguko uliofuata nikampeleka farasi.

Mwishowe tukabaki sisi wawili. Sasa sikuwa na pa kwenda. Nilicheza, nikaenda dirishani, nikarudi, nikaenda tena.

"Mwanangu, wanizungusha kichwa," alisema Baba. "Kaa kitako."

Nikaletewa kiti. Nikakaa. Goti langu likaanza kutikisika chini ya meza, hata maji katika gilasi yake yakawa yanacheza. Baba aliyatazama yale maji.

"Hata siku ile ulikuwa hivi hivi," akasema.

"Siku gani?"

"Siku ulonifunga. Mkeka mzima ulikuwa ukitikisika. Nikasema, mtoto keshachoka nami, ataka kwenda zake. Nimwache ende."

Miaka yote nilidhani nimemuaibisha.

"Nilikuwa nna furaha, Baba," nikamwambia. "Nilikuwa nataka tena."

Akashika ngome, akaiacha, akaishika tena, akaisogeza pahala pabaya. Nilijua hakuwa akiutazama ubao. Nikataka kumwachia airudishe ngome, nikakumbuka alichosema juu ya huruma. Nikacheza. Haukupita muda, akamlaza mfalme wake kwa kidole.

"Tena," akasema.

Lakini wafanyakazi walikuwa wakikunja vitambaa vya meza, na Mama alikuwa kwenye simu, chakula kinapoa. Garini tulibishana kuhusu ile ngome njia nzima.

"Wasafiri lini?" akaniuliza tulipofika.

"Jumamosi."

"Na kurudi?"

Nikamwambia sijui, maana kweli sikujua.

Niliondoka Jumamosi. Ndege ilipotua nikawasha simu, nikakuta ujumbe wake: mchezo mpya, amesogeza askari wa mbele ya waziri. Nilimjibu nikiwa kwenye foleni ya pasipoti. Mpaka leo tunaendelea hivyo, yeye sebuleni, mimi nikirandaranda uwanja huu na ule na simu mkononi. Hachezi haraka. Kuna siku hunichelewesha makusudi, nami nikazunguka maduka yale yale ya uwanjani nikingoja, na nafasi yake ubaoni, upande wa kushoto, si mbaya hata kidogo.