Boila Iliyogonga Ijumaa Jioni

Harufu ya majivu yaliyolowa hunijia puani hata leo, nikiwa mahali pasipo na kuni wala meko. Ni harufu kali, ya moto uliomwagiwa maji kabla haujamaliza kazi yake, na nilipokuwa na miaka minane ilijaa uani kwetu Nyacheki msimu mzima wa masika. Ilitoka kwenye boila. Baba yangu na rafiki yake, fundi wa kuchomelea kutoka mjini Kisii, walikuwa wameiunda kwa pipa nene la chuma, wakalilaza juu ya tanuri la matofali nyuma ya jikoni na kuliwekea mfereji na bomba la moshi. Majirani walikuja kuitazama, wengine wakanong'ona kwamba baba anajifanya mzungu. Baba hakujali. Huko kwetu kwenye mashamba ya chai, baridi ya Julai inauma, si mchezo, na mama yake, magokoro wetu, alikuwa na miguu iliyovimba kila ilipoguswa na maji baridi.

Siku ya boila ilikuwa Ijumaa. Sisi ni Wasabato, na Ijumaa mchana watu wa kwetu hukimbizana na jua: nguo zipigwe pasi, chakula cha kesho kipikwe, viatu vipakwe rangi, na kila mtu awe ameoga kabla jua halijazama. Baba alikuwa akirudi kutoka kupima majani chai, anaweka kikapu chini, anakunja kidole na kuligonga pipa kutoka chini kwenda juu, ngo, ngo, ngo, akisikiliza sauti inapobadilika ili ajue maji yamefika wapi. Kisha anasema, "Yapo," na mama anaanza kutuita kuoga, mmoja mmoja. Angeweza kabisa kuweka kipimo. Nadhani alipenda tu kugonga.

Baba alikufa kwa ugonjwa wa kifua, ugonjwa wa muda mfupi sana, tukamzika kando ya migomba, karibu na hiyo boila yake. Mvua zilipoanza, boila nayo ikaanza kuvuja. Maji yalitoka kwenye mshono wa chini yakaangukia moto, kuni zikatoa moshi na kuzimika nusunusu, na tukawa tunaoga maji ya vuguvugu. Ndipo ilipoanza kugonga. Ijumaa ya kwanza tulikuwa sebuleni tukingoja jua lizame tuifungue Sabato kwa wimbo, na huko nyuma ya jikoni tukasikia, ngo, ngo. Kimya. Ngo. Mama alifunga kitabu cha nyimbo, akatoka nje, akarudi uso umelowa, na sikujua kama ni mvua. Niliogopa. Lakini nilifurahi pia, nisidanganye mtu.

Kanisani tulifundishwa kwamba wafu wamelala na hawajui lolote, kwa hiyo hawatembei wala hawagongi. Mama alikuwa mwimbaji wa kwaya na aliyajua hayo kuliko mimi. Hata hivyo alianza kumaliza kazi mapema kila Ijumaa, anajifunga leso safi, anakaa kwenye kigoda karibu na mlango wa nyuma. Boila ikigonga, anaitikia kwa sauti ndogo, "Yapo." Watu walipomwambia aite fundi, alisema kesho, kisha akasema tukimaliza kuchuma, kisha akasema mvua ikiisha. Tukaanza kumchemshia magokoro maji kwa sufuria, nayo yalikuwa yamepoa kabla hajamaliza kuoga. Miguu yake ilivimba hadi viatu vya kanisani vikamkataa, akawa anabaki nyumbani siku ya Sabato, peke yake, akiangalia barabara.

Magokoro ndiye aliyemwita fundi, yule rafiki wa baba, wala hakumuuliza mama. Akaja Ijumaa asubuhi kwa bodaboda, mtungi wa gesi umefungwa nyuma kwa mpira. Alikuwa mtu wa upande wa ziwa, hakujua Kigusii, kwa hiyo nasi tulizungumza naye Kiswahili. "Pole, Mama Moraa," alimwambia mama, akimwita kwa jina langu. "Hii kitu mimi na mzee tulitengeneza na mikono yetu. Maji inatoka hapa chini, kutu imekula." Mama alikuwa amesimama mbele ya boila, mgongo umeiegemea, na akamuuliza kitu ambacho hakuwa amekitamka mbele yetu hata siku moja.

"Ukiziba, itagonga tena?"

Fundi hakucheka. Alimshukuru Mungu wake kimoyomoyo, nadhani, kwamba alikuwa na jibu la kifundi. "Hapana, mama. Maji ikipungua, chuma ya juu inabaki kavu, inapata moto, halafu ikipoa inalia. Ikishika maji vizuri, itanyamaza."

"Basi iache," mama akasema.

Magokoro alikuwa ameketi juani, miguu ameinyoosha. Alimjibu mama kwa Kigusii, polepole, bila kumtazama. "Wewe unamsikia akirudi kwako. Mimi namsikia akiwa kazini. Mtoto wangu amefanya kazi tangu akiwa mdogo, na hata sasa Sabato inamkuta bado anapima maji ya kuosha miguu yangu. Mwache alale, mwanangu."

Mama alijiondoa kwenye boila. Kisha akageuka, akafungua mfereji mwenyewe, na maji mekundu ya kutu yakatiririka kuelekea migombani hadi pipa likawa tupu, fundi akauziba mshono. Jioni ile maji yalikuwa moto kama zamani. Mama alimwosha magokoro miguu, jua likazama, tukakaa tukisikiliza. Hapakuwa na kitu. Mama alianzisha wimbo, sauti ikamkatika katikati ya mstari, akaendelea hadi mwisho.

Siku hizi ninaishi Kiogoro na kufanya kazi mjini. Bafuni kwangu kuna kichwa cha shawa cha umeme. Unafungua na maji ya moto yanakumwagikia hapo hapo, na watoto wangu hawajui maana ya kungoja maji. Sioni vibaya, kazi yangu ni nyingi na asubuhi ni fupi. Lakini maji yenyewe hayana mtu ndani yake. Magokoro amelala kando ya mwanawe sasa. Mama nimemwomba mara nyingi nimwekee umeme bafuni, hataki, na boila bado anaiwasha kila Ijumaa. Nikienda kumwona, moto unapoanza kufa tunanyamaza wote wawili, wala hatuambiani kwa nini. Jua linazama, tunatega masikio kule nyuma ya jikoni, na chuma kimetulia tu. Fundi yule aliifanya kazi yake vizuri sana.