Kofia ya Elsie Isiyopigwa Pasi

Jaffar muuza mitumba alichomoa fulana kwenye belo, akaitupa juu ya cherehani ya Mwanaesha.

"Hebu ishike, shemeji, halafu utoe mkono."

Mwanaesha akashika, akatoa. Alama za vidole vyake zikabaki pale kwenye kitambaa cha zambarau, rangi ya pinki, kisha zikafifia polepole kama pumzi kwenye kioo. Nusu ya soko la Voi ilikuja kushika. Kufikia adhuhuri jua nalo likashika, fulana nzima ikawa pinki.

"Sasa inatuambia nini?" Jaffar akacheka. "Kwamba Voi kuna joto? Hilo hata mbuzi wanalijua."

Mwanaesha hakucheka. Alikuwa anamfikiria Mama Everlyne, mteja wake wa Wusi, kule milimani. Mikono ya bibi huyo iliungua zamani, na tangu hapo viganja havihisi joto wala baridi. Naye ndiye anayemlea mjukuu wake, Elsie, ambaye homa ikimpanda hushikwa na degedege. Mara ya mwisho bibi alimpapasa, asijue lolote mpaka mtoto akaanza kutetemeka. Everlyne, mama yake Elsie, anafanya kazi Mombasa. Akasema basi, Pasaka anakuja kumchukua mwanawe.

"Akienda huyo," bibi alimwambia Mwanaesha, "mimi nitabaki kuongea na kuku."

Basi Mwanaesha akaikata ile fulana, akashona kofia ya mtoto ya kuonyesha homa, akaitia lesi. Na kwa kuwa hakuna nguo inayotoka kwake bila kunyooshwa, akajaza makaa kwenye pasi, akainyoosha kofia. Kofia ikawa pinki. Akaipepea, pinki. Akaitumbukiza kwenye maji ya mtungi, pinki vilevile.

"Umeiua," Jaffar akasema. "Inna lillahi. Tuizike wapi?"

Ilibaki mikono ya fulana. Mwanaesha akasukuma pasi chini ya benchi, akafunga duka, akapanda Wusi na sindano yake. Huko kuna ukungu, nyumba ni baridi, na rangi ikatulia. Akashona kofia nyingine, akamvisha Elsie ikiwa na bitana moja ndani. Ikageuka pinki pale pale, ingawa mtoto hakuwa na homa. Akaongeza ya pili, ikawa madoadoa. Ya tatu ikalizuia joto la kawaida: zambarau tupu, na mtoto mzima anatafuna ndizi.

"Usiipige pasi, na uifue kwa maji baridi tu," Mwanaesha akamwambia bibi. "Ikianza kuwa pinki mkiwa ndani, usingoje. Mvue nguo, mkimbize zahanati."

"Na nikimtoa juani?"

"Hapo usiiamini, Mama Everlyne. Juani inadanganya kama Jaffar."

Pasaka ikapita. Mwanaesha alikuwa akitunga uzi Everlyne alipoingia dukani, begi begani, peke yake.

"Mtoto yuko wapi?" Mwanaesha akauliza.

"Nimemwacha kwa bibi yake." Everlyne akakaa. "Jana mimi nilikuwa ndani nimembeba mgongoni, sijui lolote. Mama yuko mlangoni anachambua mboga, akaniambia, 'Mshushe, twende zahanati, kofia imegeuka.' Nikamshika mtoto shingoni. Kweli, anaanza kuchemka. Tulifika kabla ya degedege. Mimi mwenye mikono mizima sikuona, dada."

Mwanaesha akainamia cherehani ili Jaffar, aliyekuwa akipanga mitumba pembeni, asione anavyotabasamu.

"Na mama amenituma," Everlyne akaendelea. "Anasema kofia ameifua kwa maji baridi, na pasi yake amempa jirani, asije akajisahau."