Koti jeupe nyuma ya mlango, na Ijumaa inafika

Msomaji wetu ametuomba tulifiche jina lake. Msomeni mpaka mwisho kabla ya kumjibu.

Na chuo pia msikitaje, tafadhali. Mama yangu hasomi ukurasa huu, lakini ploti yetu nzima, wapangaji wote, inausoma. Mimi ni msichana wa miaka kumi na tisa. Nilizaliwa Kibera, sasa tunaishi Gatina, Kawangware, mimi na mama tu, na yeye anauza mitumba soko la Toi. Leo ni Jumatano. Nina hadi Ijumaa saa kumi na moja jioni, na tangu asubuhi nimepanda na kushuka ngazi za nyumba hii kama mtu aliyesahau kitu. Nikikaa nasimama, nikisimama sijui niende wapi.

Wengine mtaniona nina maringo. Nilipita mtihani wa kidato cha nne, nikaitwa kusomea udaktari vyuo viwili, kimoja cha serikali na kingine cha binafsi. Na mimi sitaki udaktari. Haya, nimeandika. Nataka kuwa mwalimu wa hesabu. Kila jioni nafundisha watoto wa ploti hapo kwenye ngazi, na mtoto aliyekuwa akilia kwa hesabu za kugawanya akiniambia, "Kumbe ni hivyo tu?" mimi hufurahi mpaka najicheka. Chuo cha ualimu kimenikubali pia. Barua yao nimeificha ndani ya kamusi.

Sasa sikieni kuhusu koti. Mwuza mitumba habaki na kitu kinachoweza kuuzika. Mama aliwahi kuuza sweta aliyokuwa ameivaa, kwa sababu mteja aliipenda, akarudi nyumbani akitetemeka kwa baridi na kucheka. Lakini nikiwa darasa la sita alifungua robota la nguo akakuta koti jeupe la daktari, limeshonwa jina la mzungu fulani kifuani. Hilo hakuliuza. Alilifumua lile jina kwa wembe, uzi kwa uzi, akalifunga koti kwa nailoni na kulitundika nyuma ya mlango. "Hapo panangoja jina lako," aliniambia. Nimelala nikilitazama miaka yote hii.

Nilipoitwa chuoni, majirani wakaanza kuniita Daktari. Nikacheka nao. Mwezi uliopita Mama Tifa, tumwite hivyo, wa mlango wa pili, akaniletea mtoto wake ana joto jingi. "Daktari, hebu mcheki huyu." Ningesema sijui, chuo chenyewe sijaingia. Nikaona haya. Nikamshika mtoto paji la uso, nikasema, "Mpanguse na maji tu, akilala atakuwa sawa." Akaniamini. Kesho yake mchana mtoto akashikwa na degedege, wakamkimbiza hospitali kwa bodaboda. Alipona, namshukuru Mungu, na Mama Tifa hajawahi kunilaumu hata siku moja. Ni mimi ndiye sijajisamehe. Lakini msidhani nakataa udaktari kwa sababu ya hilo. Sikuutaka hata kabla. Yule mtoto alinionyesha tu kwamba nikiendelea kuogopa kusema ukweli, kuna mwingine atakayeumia.

Kwa hiyo nikaanza kukataa. Chuo cha binafsi nilikiandikia wiki jana, nikafuta, nikaandika tena, mpaka nikabaki na mistari mitatu: nawashukuru kwa nafasi, nimeamua kusomea kitu kingine, tafadhali mpeni anayengoja. Wakanijibu kwa upole na kunitakia heri. Huo upole ndio ulioniliza.

Cha serikali ndicho kimenikwamisha, na mwisho wa kukikataa ni hiyo Ijumaa. Ukikataa nafasi kwenye mtandao wao, wanatuma nambari za siri kwa simu uliyojiandikisha nayo, na usipoziingiza hujakataa. Mimi nilijiandikisha kwenye saiba moja ya Kibera, duka la intaneti, wakati sina simu. Niliandika nambari ya mama. Kubadilisha sasa ni mpaka mzazi afike ofisini kwao.

Jumatatu nikabonyeza kukataa, nikidhani simu ya mama iko kwenye chaji nyuma yangu. Kumbe alikuwa ameshaichomoa, ameenda nayo kuanika nguo. Akaingia ameishika kwa mikono miwili, bado ina maji ya sabuni.

"Kuna meseji ya chuo. Ni ya Kizungu. Hebu nisomee."

Mama aliacha shule darasa la tatu. Nambari sita zilikuwa pale, za kufanya kazi dakika kumi tu, na maneno yanayosema kwamba nimeomba kukataa nafasi yangu.

"Wanasemaje?"

"Wanatukaribisha, mama."

Alikaa kitandani, akajipangusa macho na leso, halafu akatoka na ile simu akawaonyeshe majirani. Mama Tifa ndiye aliyeisoma. Aliisoma yote, akaniangalia, akamrudishia mama simu yake. "Hongera, Mama Daktari." Baadaye akanivuta kando pale bombani. "Mimi siwezi kumwambia. Wewe ndiye mtoto wake. Mwambie." Dakika kumi zilikuwa zimeisha zamani, na nikibonyeza tena, meseji itaingia kwa simu ile ile ya mama.

Nimekuwa nikitafuta nafasi ya kumwambia tangu siku hiyo. Akirudi sokoni amechoka, naona nimwache ale kwanza. Akishakula anaanza kuimba, na mimi sijui mtu anamkatiza vipi mama yake akiimba.

Leo nimeamka nikakuta nyuma ya mlango hakuna koti. Mama alipitia kwa fundi wa kudarizi akienda sokoni. Litakuwa tayari Ijumaa jioni.

Nimekasirika naye, nimejikasirikia, halafu nikamhurumia, yote kabla ya saa nne. Kuna mtu mahali fulani anaitaka nafasi hii kuliko mimi, na naikalia kwa sababu siwezi kumtazama mama usoni. Jamani, nyinyi mliowahi kumvunja mzazi moyo na bado mkala naye sahani moja, mlianza na neno gani?

Nijibuni haraka. Fundi amenipigia mara mbili. Anasema mama amemwambia aniulize mimi jina linaandikwaje, kwa sababu yeye hawezi kuliandika, na sindano iko tayari. Nimwambie nini?